Sia Alivyodai Sindano Yake

Miaka kumi na moja Sia alishona ovaroli kwenye kiwanda kimoja cha Pinetown, Afrika Kusini, na kila mwezi mshahara wake ulikatwa kwa ajili ya bima ya afya. Uchumi ulipoporomoka, kiwanda kikafungwa na bima ikafa mwezi uleule. Kisukari chake hakikufa, jamani! Insulini ilipomwishia, siku mbili nzima hakujichoma sindano.

"Nenda kliniki ya serikali," Anatole, Mkongomani aliyekuwa akishona naye meza moja, alimwambia. "Asiye na kazi anatibiwa bure. Lakini Mama Sia, usivae hiyo koti ya kiwanda. Kwa geti iko watu wabaya."

Weee, umwambie nani? Mchaga yule ni mbishi! Kwao mtu haendi kudai haki yake mikono mitupu, anakwenda na ushahidi. Akalipiga pasi koti la bluu lenye jina la kiwanda mgongoni, akalivaa, ili wamjue ni mfanyakazi aliyekatwa kodi, si mzururaji.

Getini palikuwa na wanaume sita wenye fimbo, wakikagua vitambulisho utadhani kliniki ni ya baba zao. Mmoja alisikia lafudhi yake ya kigeni alipowasalimu, akalisoma lile koti, akatema mate.

"Kiwanda hiki kimemfukuza kaka yangu! Nyinyi wageni ndio mliokula kazi zetu!"

"Na mimi nimefukuzwa," Sia akamjibu, akatoa kibali chake cha kuishi nchini.

Wakakichana palepale. Fimbo ya kwanza ilimpata begani, ya pili ikampasua kichwa. Alipoanguka wakamkanyaga mbavu, na watu wa foleni wakainamisha macho, Mungu awasamehe. Hasira zikampanda Sia. Alimdaka mmoja mguu, akamng'ata mpaka akaonja damu. Jamaa akapiga yowe, wenzake wakageuka kumtazama, na Sia akapenya geti kwa magoti huku damu ikimwingia machoni.

Ndani, nesi alimshona nyuzi tisa bila kumuuliza karatasi hata moja.

"Na insulini?" Sia akauliza.

"Eish, Mama. Kidonda ni dharura, hakihitaji karatasi. Sukari inataka faili, na faili inataka kibali."

"Kibali wamekichana hapo nje, umeona mwenyewe dirishani!"

Nesi alimtoboa kidole, akapima. Mashine ikasoma ishirini na saba, sukari imepanda mno. Alikunja uso, akasema kwa sauti ya chini, kwa aibu, "Ungeanguka hapa ndani, hapo ingekuwa dharura."

Sia alimtazama. Alilea watoto watatu peke yake katika nchi ya watu, na hakuwahi kumwangukia mtu yeyote miguuni. Akashuka kitandani akishika mbavu, akajilaza chali kwenye sakafu ya saruji, katikati ya njia ya wagonjwa.

"Haya, nimeanguka," akasema, sauti ikafika hadi getini. "Leteni sindano."