Aliyefungua Mfereji wa Jikoni

Utasema nilikuwa na usingizi. Sema tu. Lakini mtu niliyemwona Kitale mwaka wa 2006 nilimsalimia, na akaniitikia. Mimi ni fundi wa mabomba, kwangu ni Kanduyi, hadithi za kutunga siziwezi.

Mwalimu mmoja mstaafu, Mama Naliaka, aliniita kwa shida ya bafu. "Fundi, naoga vizuri, mara maji yananichoma, mara yanakuwa baridi kabisa!"

Hiyo kazi naijua. Bomba moja lilitoka kwa tanki likilisha bafu na jikoni pia. Mtu akifungua mfereji wa jikoni, maji yanapungua bafuni. Hita inayachemsha hayo machache, kisha inajizima.

"Nani hufungua maji jikoni ukioga?"

"Nani tena? Naishi peke yangu."

Kesho yake nikafika mapema, saa kumi na mbili asubuhi, nijionee. Mama akaingia kuoga. Mimi nikaenda jikoni, na kumbe kulikuwa na mzee, anajaza sufuria.

"Habari ya asubuhi, Mzee."

"Mzuri, kijana. Huyu mama akitoka kuoga lazima apate chai."

Mara bafuni, "Uwi! Funga hayo maji!" Mzee akacheka polepole, akafunga mfereji. "Ako sawa," akaniambia. "Bado ana sauti."

Ningeogopa nini? Nilidhani ni ndugu aliyekuja kutembea. Nikatoka, nikapanda kwa tanki, na kufikia saa sita bafu lilikuwa na bomba lake pekee. Ndipo nikamwambia Mama, "Ni yule mzee wa chai alikuwa anakuchoma. Sasa hawezi tena."

"Mzee gani?"

"Wa sweta ya kahawia, kiwiko kimeshonwa na uzi mweupe."

Akakaa chini pale pale kwa saruji. "Huo uzi niliushona mimi. Bwana yangu tulimzika na hiyo sweta, kwao Matulo. Sasa ni miaka mitatu." Kisha akanishika mkono. "Alisema nini?" Nikamwambia. Akataka nirudie, nikarudia, akataka tena.

Wiki haikuisha, akanipigia simu. "Maji ni mazuri, fundi. Hayabadiliki hata kidogo. Kuja urudishe vile ilikuwa."

Niamini, nilirudisha, kiungo kwa kiungo. Nikifungua mfereji mimi mwenyewe, maji ya bafuni yalibadilika. Lakini mama akiwa peke yake hayakubadilika tena. Aliniambia kila asubuhi anasimama pale na sabuni, anangoja, mpaka tanki linaisha.

Tangu hapo sishiki spana kwa nyumba ya mtu kabla sijauliza nani alikuwa anaishi humo. Wengine hunicheka. Na wewe, kama yuko anayekuharibia maji ukioga, mpigie kelele leo akiwa anasikia. Lakini yakibadilika na uko peke yako, tafadhali, usiite fundi.