Kumtoa Nduku Kwenye Kioo

Siku ya kwanza kumwona Mbithe, alikuwa akimfokea mchungaji katikati ya soko la Kikima.

"Hii ni gundi ya viatu, mchungaji! Umewabandika waumini kama soli!"

Mchungaji alicheka, lakini aliifunga haraka albamu yake ya picha za waumini, akaificha kwapani. Kazi ya Mbithe ilikuwa kufunika vitabu vya wanafunzi kwa karatasi ya kaki, na kutengeneza albamu za kumbukumbu: picha, kadi, vipande vya nguo. Mimi nilisimama kando ya kibanda na fremu yangu ya picha mfukoni, nikaogopa kuitoa. Nilirudi nayo nyumbani. Soko lililofuata, vivyo hivyo.

Mara ya tatu akaniita. "Wewe mwanaume, unanunua ama unachunga kibanda changu? Kama ni kuchunga, mshahara sina."

Nikatoa fremu. Ndani alikuwa Nduku, mke wangu, amevaa kitambaa cha kwaya. Picha yake ilibaki hiyo moja. Alifariki siku aliyomzaa binti yetu Wavinya, na sasa Wavinya alikuwa anajiandaa kwenda kufanya kazi Qatar. Aliniomba kitu kimoja tu: kitabu kidogo cha mama yake, cha kufungua akiwa mbali. Picha ya simu hakuitaka. "Simu huibwa, baba."

Nilikuwa nimejaribu mwenyewe. Nilipika uji mzito wa ngano uwe gundi, nikaanza na kadi ya kwaya ya Nduku. Asubuhi nilikuta mende wameitafuna. Kisha nikajaribu kuibandua picha kwa wembe, maana ilikuwa imegandamana na kioo.

Nilimweleza Mbithe haya nikiangalia chini. Akatazama kona ya picha.

"Umemchuna mkono!"

Nikaifunika kona hiyo kwa kidole gumba.

"Baba Wavinya, huo wembe rudi nao ukanyoe ndevu."

"Itatoka?"

"Sijui. Picha za studio za zamani hukubali maji. Nyingine huacha uso wote kwenye kioo."

Aliipiga kwanza kwa simu yake, iwe akiba, lakini kwa sababu ya kioo ikatoka ukungu mtupu. Akajaza karai maji safi, akalaza kioo ndani pamoja na picha. Wateja walikuja, akawafukuza kwa mkono. Mimi nilishika kofia yangu kwa mikono miwili. Maji yakaanza kuwa mekundu.

"Anatoka rangi!" nikasema.

"Hiyo ni kadibodi ya nyuma. Kaa."

"Mwaitu, mtoe!" Nilimwita mama kwa Kikamba, mimi ambaye huwa siinui sauti hata kanisani.

"Nikimvuta sasa, utaenda nyumbani na kioo."

Nikakaa. Jua lilihama kutoka magotini mwangu likafika miguuni. Ndipo kona moja ikainuka. Mbithe akapitisha kidole chini yake, ndani ya maji, polepole. Akasimama, akasubiri, akaendelea. Uso wa Nduku ukaachana na kioo ukiwa mzima. Kilichobaki nyuma ni kipande cha mkono, pale wembe wangu ulipopita.

Ilipokauka, alinifundisha kukata pembe nne za kaki za kushikilia ncha za picha, na kubandika hizo tu. "Picha haipakwi gundi. Inavalishwa."

Nilikuwa nimeleta maua niliyokata kwenye kalenda, na uzi wa kiondo, kikapu ambacho Nduku hakumaliza kukisuka. Maua aliyasukuma kando. "Usijaze ukurasa kama gunia la ndengu. Mwache apumue." Uzi aliniachia niushone mwenyewe, kuzunguka pale mkono ulipochunika.

Kisha akageuza ukurasa, akabandika pembe nyingine nne, tupu.

"Mama yuko. Wewe uko wapi?"

"Mimi sipendi picha."

"Nani amekuuliza unapenda nini? Mtoto atawatafuta nyote wawili. Uje soko lijalo, nikupige picha mwenyewe."

Nilienda. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Musyimi, muuza vyombo wa jirani, akaniambia Mbithe aliugua ghafla, na tayari wamemzika kwao Kathonzweni. Halafu nikavuka barabara hadi studio, nikavua kofia, nikaangalia mbele. Wavinya alisafiri na picha hiyo katika zile pembe za Mbithe.

Siku ile ya mwisho niliyomwona, nilikuwa nimeshampa mgongo, albamu kifuani, nimeinamisha kichwa kama kawaida yangu, aliponiita kwa nyuma:

"Na uvae shati la kanisa, Baba Wavinya! Halafu uniangalie. Sitapiga picha ya kofia."