Huyo Mzee Anataka Nini?

Mwanangu, ipo siku moja ya usichana wangu pale Waithaka, Nairobi, ambayo naikumbuka kila nikisikia watu wakichekeshwa. Juzi uliponionyesha kwenye simu kile kichekesho ulichoandika, cha mlinzi wa mtaa wa matajiri wa Lavington mwenye lafudhi ya kwetu magharibi mwa Kenya, nilicheka kidogo kisha nikanyamaza. Ukaniuliza kama nimechoka. Sikuchoka.

Shuleni kwetu kila mchezo wa kuigiza ulikuwa na yaya, na yaya alikuwa mimi. Mwalimu alisema lafudhi yangu inafaa. Nikifungua kinywa tu, ukumbi mzima unacheka, nami baadaye naenda kulia chooni. Mwaka ule nikaomba niwe mzee aliyemfukuza binti yake nyumbani. Wavulana wakaruka: "Msichana awe mzee? Wacha mchezo!" Mwalimu akasema atanijaribu, nikishindwa, narudi kwa ndoo na ufagio.

Basi nikafanya mazoezi uani, nimejikunja, nakohoa, mikono inatetemeka, watoto wa ploti, yaani zile nyumba za kupanga tulimoishi, wanagaagaa kwa kicheko. Mwenye ploti, Guka Kamau, yaani Babu Kamau kwa Kikuyu, alikuwa ameketi mlangoni kwake. Akaniita.

"Nafula, huyo mzee anataka nini?"

"Ni mzee tu, Guka. Anakohoa."

"Hata mimi nakohoa. Lakini siamkangi asubuhi ndio nikohoe. Nimesikia akimfukuza msichana wake, naye ameenda. Anataka nini?"

Nilishikwa na aibu, mwanangu. Hakuna aliyewahi kuuliza yaya wangu anataka nini, na mimi nilikuwa nikimtendea mzee yale yale.

"Anataka binti yake arudi," nikasema, "lakini hajui kuomba msamaha."

Guka akanikabidhi fimbo yake ya uzee, ambayo hata mkewe hakuishika. "Basi simama wima. Mtu wa kiburi hajikunji."

Siku ya mchezo niliongea kwa lafudhi yangu ile ile. Wachache wakacheka mwanzoni. Nilipomwita binti yangu arudi nyumbani, ukumbi ulikuwa kimya.

Sikukatazi kuchekesha, mwanangu. Ila hujafa hujaumbika, na heshima si utumwa. Kabla hujamwandika mlinzi, yaya, mwanamke au mzee, jiulize anataka nini. Usipojua, nenda ukamwamkie kwa adabu umuulize, kwani hadithi isiyojua hilo ni matusi tu yaliyopangwa vizuri.

Mungu akujalie masikio kabla ya mdomo, na utakapozeeka, atakayekuigiza akutendee haki.