Tulivyoifukuza Baridi Kenmore

Nilikuwa namhudumia bibi mmoja Mswisi huko Kenmore, kaskazini kidogo ya Buffalo, Marekani. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpa dawa na kumbembeleza ale. Tangu alipoanguka jikoni mwezi wa Oktoba, hakutaka kutoka nje tena. Daktari alisema mfupa umepona. Yeye alisema miguu imesahau.

Siku chache kabla ya Kwaresima nilimpelekea chapati za mama yangu. Akainusa moja, akauliza, "Mnazisukuma na nini?"

"Kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, tulitumia chupa."

"Sisi tulitumia goti."

Nilidhani amechanganyikiwa. Lakini aliagiza unga, mayai na siagi, akaketi, akatandika kitambaa safi gotini na kulivuta donge la unga juu yake mpaka maua ya kitambaa yakaonekana. Mimi nikakaanga, yeye akanyunyiza sukari. Alikula vipande vitatu, mtu ambaye asubuhi nilimbembeleza kwa uji.

"Kwetu mafuta yote yaliishia wiki hii, kabla ya kufunga," alisema. Akanisimulia kanivali ya kijiji chao: wanaume wamevaa vinyago vya mti vyenye meno yaliyokwenda upande, kengele za ng'ombe viunoni, tarumbeta zinapigwa ovyo makusudi, ili baridi iogope iondoke. Kisha akanituma chini ghalani nilete kinyago cha marehemu mumewe na kengele mbili.

Nilipomweleza mama, alikunja uso. "Hayo ni mashetani. Sisi tumeokoka, usikiguse."

Niliona aibu kumwambia bibi, lakini nilimwambia. Hakukasirika. "Mlete. Aone mwenyewe."

Jumanne mama akaja, Biblia mkobani. Alikitazama kinyago kwa mbali, halafu akakigeuza. Ndani mlikuwa na alama ndogondogo za kisu, na kitambaa kilichochakaa kwa jasho.

"Huyu alikuwa fundi," alisema polepole. Baba yake mwenyewe alichonga vinu kule Burundi. "Mwambie mimi sikivai. Lakini kengele nitapiga. Baridi hii hata mimi nimeichoka."

Nilipotafsiri, bibi alicheka hadi akakohoa. "Basi, binti, nipe koti."

Akakivaa kinyago mwenyewe, akanishika mkono, tukatoka hadi barazani. Nilimsikia akihema ndani ya ule mti, vidole vyake vimenikaza. Hatua moja, ya pili. Mama alishuka kwenye theluji akitikisa kengele na kuifokea baridi kwa Kirundi, "Genda! Genda!" yaani nenda zako. Bibi naye akapaza sauti kwa Kijerumani cha kwao. Jirani aliyekuwa akizoa theluji alitukodolea macho, kisha akaanza kugonga pipa la taka kwa koleo lake. Nilicheka huku machozi yananitoka.

Kesho yake, Jumatano ya Majivu, theluji ilianguka hadi magotini. Bibi alichungulia dirishani, akasema, "Ina kichwa kigumu," akaniomba viatu.

Kufikia Pasaka alikuwa anatembea hadi mwisho wa mtaa, wameshikana mikono na mama, kila mmoja akiongea lugha yake. Nikimuuliza mama wanazungumza nini, hunijibu, "Mambo ya watu wazima."