Maji ya Kumwondolea Ephantus Laana

Baba yangu Munyao alikuwa fundi wa mashine ya kumenya kahawa katika shamba moja la Ruiru, na kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko mashine yenyewe. Mwaka wa 1958 mwalimu Kang'ethe aliponichagua niigize katika mchezo wake, Baba alisema watu wazima wanaojifanya watu wengine ni waongo waliokosa jembe la kushika. Nililia siku mbili. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na sijapata kutamani kitu kama nilivyotamani kusimama pale mbele.

Mwishowe akakubali kuja kutazama, mara moja tu.

"Nikiona ni upuzi, nakushika mkono tunaenda nyumbani. Na hurudi huko tena."

Jumapili alasiri wachuma kahawa walijaa holi mpaka madirishani. Mimi niliigiza mama wa Ephantus, karani wa stoo pale shambani, ingawa alinizidi miaka minne na masharubu juu. Katika mchezo anauza shamba la marehemu baba yake, nami namlaani: asizae, asilale, asizikwe na mtu. Hapo pazia linafungwa, mchezo umekwisha. Pazia lenyewe lilikuwa shuka la mke wa mwalimu.

Niliitamka ile laana kwa nguvu zangu zote. Shuka likaanza kuvutwa. Baba akasimama.

"Ngojeni! Hiyo laana nani anaondoa?"

"Mzee, hiyo ni mchezo tu," mwalimu akasema.

"Mchezo? Na mdomo ni ya nani? Amesema, sisi wote tumesikia. Huyo kijana ako na mama yake huko Kangundo!"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hakuna aliyecheka. Kwetu Ukambani laana ya mzazi haiachwi hivi hivi. Aliyeitamka ndiye huiondoa, kwa kumtemea mwanawe maji kifuani na kumbariki. Akina mama wakaanza kuguna, "Aondolewe!" Mmoja akanipa maji katika kikombe cha bati.

Ephantus alipiga magoti bila kuambiwa. Nikamtemea maji kifuani, nikasema, "Zaa. Lala. Uzikwe na watoto wako." Akalia machozi ya kweli, nami nikalia. Mwalimu alinuna, lakini sehemu ile ya baraka ikabaki katika mchezo.

Njiani kurudi nyumbani Baba alitembea mbele yangu. Nilijua amenisadiki kuliko mtu yeyote mle ndani, na nilimpenda kwa hilo. Ila niliogopa: sasa ataniambia mchezo huu ni hatari.

Mwezi uliofuata tulialikwa kuigiza Thika. Asubuhi nilivaa polepole, nikingoja anikataze. Akatokea mlangoni amevaa koti lake la kanisani, kibuyu cha maji mkononi.

"Shika," akasema. "Huko Thika sijui kama watakuwekea maji."