Firigisi ya Baba

Kwacha! Huo ndio mlio wa mfupa wa paja la kuku ukivunjwa na magego ya baba. Mpaka leo nikitulia nausikia. Kwacha, halafu kimya kidogo, halafu fyoo, anafyonza mafuta ya ndani. Baba hakuwa mtu wa kula kuku, alikuwa mtu wa kummaliza. Mama alisema paka wote wa mtaa wetu wa Jericho wanaijua nyumba yetu na wanaipita, kwa sababu hapa hakuna kinachobaki.

Tulikaa katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, vyumba viwili na jiko dogo lililojaa moshi. Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli mpaka alipostaafu, miaka ya tisini ikiwa bado michanga. Mama aliuza mboga sokoni, nami nilimsaidia, kwa kuwa nilimaliza darasa la nane na sekondari nikaipungia mkono ikipita. Lakini sikuwa mtu wa kununa. Kichwani nilikuwa na hoteli yangu tayari, meza sita na vitambaa vya maua. Nikikata sukuma wiki nilikuwa nawahudumia wateja ambao hakuna mwingine aliyewaona.

Kuku tulimla Jumapili ya mwisho wa mwezi, tukitoka kanisani. Sisi ni watu wa magharibi mwa nchi, na kwetu kuku ana sheria zake. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Haigawanywi, haionjwi, haiulizwi. Ukileta kuku mezani bila firigisi ni kama umesema hapa hakuna mzee. Na ikimshinda mzee, inahamia kwa mwanamume anayemfuata, na hapo kila mtu anajua kilichohama si nyama tu. Mama alikuwa na karibu miaka thelathini ya kuipasua, kuichuna ule utando wa manjano, kuipika na kuiweka juu kabisa ya sahani ya baba. Yeye mwenyewe hakuwahi kuionja hata siku moja.

Mwaka niliofikisha kumi na tisa, vitu vilianza kubadilika kidogo kidogo. Baba akaanza kukisukuma kitabu cha nyimbo mbali na uso, kama kinanuka. Akiinuka kitini alisema "Ee Mungu wangu," na haikuwa sala. Zamani, tukienda naye mahali, mimi ndiye niliyekimbia kumfikia. Sasa nilikuwa nasimama mbele na kujifanya nafunga kamba ya kiatu, ili asijue nilikuwa namngoja. Mahindi ya kuchoma, ambayo alikuwa akila mawili akiwa amesimama, sasa alichukua moja, akalitazama, akanipa.

"Shika, mama. Nimeshiba."

Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Nikala mahindi yake wiki nyingi, nikifurahi, mjinga mimi.

Jumatatu moja nikawa nafua. Kawaida yangu ni kukagua mifuko kwanza. Katika suruali ya baba ya kanisani nikakuta leso imefungwa fundo, nzito kidogo, na doa la mafuta limetoka nje. Nikaifungua pale pale bombani. Ndani palikuwa na firigisi. Nzima. Ilikuwa na alama ndogo upande mmoja, kama panya alijaribu akakata tamaa.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu niliikumbuka Jumapili ile vizuri. Baba alikuwa ametafuna, tena kwa muda mrefu, mashavu yakienda juu na chini, akajipangusa mdomo kwa leso na kusema, "Mama yako bado anajua kupika." Kumbe alikuwa akitafuna hewa. Sijui ni Jumapili ngapi alifanya hivyo. Niliitupa ile firigisi mbali, nikaifua leso mara mbili, na sikumwambia mama.

Wiki hiyo hiyo ikaja habari kwamba baba mdogo atatutembelea mwisho wa mwezi unaofuata. Huyu ni ndugu mdogo wa baba, aliyebaki nyumbani kutunza shamba. Ni mtu wa mzaha, lakini mzaha wake una kucha. Tangu baba astaafu, alikuwa akiwaambia watu huko kwamba mji umemmaliza kaka yake na sasa yeye ndiye mzee wa boma. Baba aliposikia anakuja alisema, "Na aje," kisha akakaa jioni nzima akiikunja na kuikunjua leso yake. Mama alidhani anawaza nauli. Mimi nilijua anawaza sahani. Baba mdogo hukaa goti kwa goti na mtu, na mbele yake hakuna leso ingefanya kazi.

Nikaamua kuwa mpishi. Pale sokoni kulikuwa na mama aliyeuza vichwa, shingo na firigisi kwenye beseni. Nikanunua mbili za kujifunzia. Kisha nikamuuliza jirani yetu wa kibanda cha maharagwe kitu kigumu kinalainishwaje.

"Kwani unampikia nani, mamba?"

"Ni firigisi tu, mama."

"Tia magadi kidogo. Hata kiatu kitalainika."

Tatizo langu ni neno "kidogo". Mtu mwenye ndoto kubwa hana mkono mdogo. Jioni ile nilimwekea baba zile firigisi na ugali, nikasema nimezipata kwa bei nzuri. Alizitazama, akanitazama, akatia moja mdomoni. Ilikatika. Nikaona macho yake yakishangaa. Kisha uso ukajikunja.

"Mama, hii umeipika au umeifua?"

Mama yangu akaonja mchuzi kwa ncha ya kidole, akakimbilia maji. Tulicheka sana. Lakini baba alimaliza zote mbili.

Baadaye nilimkuta mlangoni, ameketi kwenye kigoda, jua likiwa bado halijaondoka kwenye mabati. Akasema bila kunigeukia, "Ulifua suruali yangu."

"Ndiyo, baba."

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Na ulipoiona ulifikiri nini?"

"Nilifikiri ni panya."

Akacheka, mkono ukaenda mdomoni haraka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba siku hizi baba alikuwa akicheka nyuma ya mkono, na sikuwa nimeona jambo hilo likianza. Kisha akautoa, akafungua kinywa, akanionyesha kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba.

"Hapa mbele ni mapokezi tu. Karakana ya nyuma ilifungwa zamani. Wafanyakazi waliondoka mmoja mmoja, hata kwaheri hawakusema."

"Pole, baba."

"Si pole ninayotaka. Nataka Jumapili ya ndugu yangu ipite."

Nikamwambia nitaichemsha firigisi peke yake tangu asubuhi, magadi chembe mbili. Akatikisa kichwa. "Isiwe laini sana. Ndugu yangu si mjinga, firigisi haijawahi kuwa mboga."

Jumapili ikafika, na baba mdogo akafika na jogoo wake mwenyewe kwapani. Jogoo mwenyewe alikuwa na kucha za kikongwe, nadhani nilimshinda umri kidogo tu. Nikajua kuna kazi. Nilijaribu kuichomoa firigisi nikaiweke kwenye sufuria yangu ndogo, mama akanishika mkono.

"Unakwenda wapi na firigisi ya baba yako?"

"Naichemsha kando, mama."

"Ili mgeni aseme imeibwa? Irudishe hapa."

Ningemwambia ukweli angenielewa, najua. Lakini siri haikuwa yangu. Nikairudisha, nikakaa nikiutazama mvuke, na mambo yote ya hoteli yangu yakanitoka kichwani.

Mezani iliwekwa mahali pake, juu kabisa, nyeusi na inang'aa. Baba mdogo akasugua viganja.

"Haya kaka, tuone. Huko nyumbani wanasema mji umekula meno ya watu."

"Wanasema mengi."

"Mimi ninayo thelathini na mawili, sijakopesha hata moja. Ikikushinda usione haya, kaka. Sema tu, mdogo wako yuko hapa."

Mama alikuwa akitabasamu, maana kwake huo ulikuwa utani wa ndugu. Mimi nilikuwa nimekaza vidole vya miguu ndani ya viatu. Baba aliitazama firigisi. Kisha mkono wake ukaingia mfukoni, nami nikafumba macho, nikisema moyoni, si leso, baba, si mbele yake.

Nilipofumbua, alikuwa ameshika kisu chake cha kukunja, kile cha kazini. Akaikata firigisi taratibu ukingoni mwa sahani, vipande vyembamba. Cha kwanza akampa ndugu yake. Cha pili akaweka kwenye sahani ya mama. Cha tatu kwangu. Kilichobaki, chembamba kuliko vyote, akakiweka mbele yake.

Baba mdogo akakitazama kipande kilichokuwa kwenye sahani ya mama.

"Kaka," baba mdogo akasema polepole, "unampa mwanamke firigisi?"

"Nampa aliyeipika."

"Hilo halijawahi kufanywa kwetu."

"Nyumba hii ni ya nani?"

"Ni yako."

"Na firigisi?"

"Ni yako, kaka."

"Basi nimeigawa. Kula."

Mama aliangalia mlango, kana kwamba mama mkwe wake angeweza kuingia kutoka kaburini. Kisha akakitia kipande mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena. Sote tulikuwa tukimngoja, kama jaji.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hiyo," baba akasema.

"Miaka yote hii nimekuwa nikiiheshimu hii? Mzee, huu ni mpira wa baiskeli uliotiwa chumvi!"

Baba mdogo alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimpige mgongoni. Baba alikimeza kipande chake kwa mchuzi, bila haraka, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Mazungumzo yakahamia kwenye mvua na bei ya mbolea. Lakini mimi nilimwona baba mdogo akikihamisha kile kipande chake kutoka shavu moja kwenda lingine, halafu akikunja uso. Jioni, akiagana nasi pale nje, alimsogelea baba na kujigusa taya la kushoto.

"Huku," alinong'ona, "kuna mawili yananisumbua tangu Krismasi."

"Nunua kisu," baba akamwambia.

Kuanzia hapo baba ndiye aliyekata, kila mwisho wa mwezi, na mama alikipokea kipande chake huku akilalamika kwamba anaadhibiwa. Hakuna aliyetangaza lolote, lakini nyama ya nyumbani ikaanza kukatwa ndogo ndogo. Mahindi tukayapukuchua na kuyachemsha. Baba akaacha kuniambia ameshiba wakati ana njaa, na sidhani kama alijua jinsi jambo hilo lilivyonifurahisha.

Alasiri moja, mama akiwa sokoni na baba amelala, nilikuwa napika githeri, mahindi na maharagwe, peke yangu. Nikachota punje chache kwenye kijiko, nikazipuliza. Zilikuwa zimeiva kwa meno yangu, lakini meno yangu hayakuwa na maana hapo. Nikaikunja midomo yangu ndani, nikayafunika meno yote, ya juu na ya chini, nikauma punje moja kwa midomo mitupu. Ikateleza. Nikauma tena. Haikukubali.

Nikaongeza kikombe cha maji, nikarudisha mfuniko, nikavuta kigoda karibu na jiko.