Karatasi Tatu za Unyayo

Nina karatasi tatu za unyayo wa dada yangu. Zote nilizichana kwenye daftari la shule, zote nikazichora mwenyewe kwa kalamu ya bluu, na zote zinakaa ndani ya Biblia yangu kwa sababu sijui mahali pengine pa kuziweka. Mtu akizikuta atadhani ni nyayo za watu watatu. Ni za mtu mmoja, mguu mmoja, wa kulia.

Kwetu mtu akikununulia kiatu sokoni na wewe huwezi kwenda, unakanyaga karatasi, anazungushia kalamu, anaondoka nayo. Namba za viatu nani anazijua? Dada alikuwa ameolewa kijiji kimoja upande wa Butiama, ana ng'ombe wachache, mihogo, mtama, na pamba kidogo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bunda. Alinizidi miaka kumi na mmoja. Mama yetu alifariki nikiwa darasa la pili, kwa hiyo yeye ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenichapa, ndiye aliyenikorogea uji kabla sijaenda shule. Basi nilipoanza kazi, kila mwaka Krismasi ikikaribia nilikuwa namnunulia viatu pale soko la mitumba Musoma. Alipenda vya ngozi, vya kufunika, kisigino kifupi. Alisema akivivaa kanisani anaonekana dada wa mwalimu kweli.

Sasa sikiliza nilikuwa nafundisha nini. Sayansi! Miaka ishirini na kitu nimesimama mbele ya darasa la sita nikichora figo ubaoni, mbili, kila moja na umbo la harage. Nikiuliza, "Kazi ya figo ni nini?" darasa zima linaitikia mpaka madirisha yanatetemeka: "Kuchuja damu na kutoa taka mwilini!" Safi, jipigieni makofi. Nilikuwa mkali mimi, watoto walikuwa wakisikia viatu vyangu tu wananyamaza. Hakuna aliyetoka mikononi mwangu bila kujua figo ziko wapi na zinafanya nini. Na wakati huohuo figo za dada yangu zilikuwa zinakufa mbele ya macho yangu, na mimi namsifu.

Karatasi ya kwanza ni ya kawaida. Unyayo wa mwanamke anayetembea sana, mwembamba katikati, kidole gumba kimechepuka kidogo. Nilinunua kiatu, kikamkaa vizuri, yakaisha.

Niliitumia miaka mingi. Halafu mwaka mmoja nilikwenda kwake na ile karatasi kwenye mkoba, nikijua nitaitumia tena, kwani mguu wa mtu mzima unakua? Dada akanicheka. "Mwalimu, hivyo vya mwaka jana vinanibana siku hizi. Nimenenepa mpaka miguu!" Nikatandika karatasi mpya sakafuni, akakanyaga, nikazungushia. Halafu nikaiweka juu ya ile ya zamani. Mstari mpya ulikuwa umeuzunguka ule wa zamani pande zote, upana wa kidole. Niliona kwa macho yangu haya mawili, kwenye karatasi, mchana kweupe. Nikasema nini mimi mwalimu wa sayansi? Nikasema, "Dada, unakula nini huku usitugawie?"

Tukacheka, weee.

Lazima nieleze jambo hili, maana asiye wa kwetu anaweza kutuona wajinga tu. Kwetu kumwambia mtu amenenepa ni kumpa heshima. Ina maana ana amani, wanawe wanamkumbuka, ng'ombe wanakamuliwa, hana mawazo. Siku ya kipaimara cha mjukuu wake, akina mama wa jumuiya walimshika mikono mmoja baada ya mwingine. "Mama, umenawiri!" Mashavu yalikuwa yanang'aa, macho yamekuwa madogo, hasa asubuhi. Dada alikuwa anatabasamu na kuvuta kitenge kilichokuwa kimeanza kumbana. Na mimi nimekaa pembeni najisikia fahari, maana moyoni nilikuwa najua ni mimi. Si ndimi niliyekuwa nampelekea mchele, sukari, mafuta ya kula? Na dawa.

Dawa zenyewe zilikuwa za magoti. Dada alikuwa analima kwa mkono maisha yake yote, na magoti yakaanza kumlipa kwa ubaya. Nikaenda duka la dawa karibu na shule, nikasema nina mgonjwa wa magoti, nikauziwa diklofenaki. Akameza, akaamka, akaenda kupalilia pamba kama msichana. Kuanzia hapo ikawa kila nikienda nabeba pakiti kadhaa, na nisipokwenda nampa dereva wa basi la Nyamuswa, bodaboda inamalizia. Akaziita "vidonge vya mwalimu." Kimoja asubuhi kabla ya shamba, kimoja jioni, na wakati wa kupalilia viwili viwili. Zaidi ya miaka miwili hivyo.

Yule binti muuza dawa, mtoto mdogo kwangu, aliniuliza siku moja. "Mwalimu, samahani, hizi anazimeza nani? Isiwe ni mtu mmoja kila siku. Zinaumiza figo, na kama ana presha ndiyo kabisa." Alisema kwa adabu, na sauti ya chini, wateja wengine wasisikie.

Ebo! Nilimkata. "Wewe niuzie dawa. Mambo ya figo nayafundisha mimi tangu hujazaliwa."

Akaniuzia. Hakuniuliza tena.

Na presha dada alikuwa nayo. Waliwahi kuja wauguzi kupima watu bure kwenye uwanja wa kanisa, wakamkuta iko juu, wakamwanzishia vidonge, wakamwelekeza zahanati ya kuendelea. Baada ya miezi michache akapimwa, akaambiwa iko vizuri. Akanipigia simu kwa furaha. "Mwalimu, wamesema presha nzuri. Niendelee tu kumeza?" Nilikuwa nasahihisha mitihani, akili haipo. Nikamjibu, "Kama imekuwa nzuri unameza ya nini sasa?" Sikuuliza kilichoifanya iwe nzuri ni kipi. Akaacha. Baadaye kila nikikumbuka kumuuliza alikuwa ananijibu, "Presha ilishaishaga hiyo, siisikii hata kidogo." Nami naridhika, utadhani presha ni mgeni anayebisha hodi.

Sasa lile ninaloliona hata nikifumba macho. Ni Krismasi hiyohiyo ya karatasi ya pili. Dada amekaa mkekani amenyoosha miguu, wajukuu zake wawili wa kike wamepiga magoti kila mmoja upande wake. Mmoja anabonyeza kwa kidole gumba kwenye muundi wa bibi yake, anatoa kidole, shimo linabaki. Halafu wanahesabu mpaka lijae: moja, mbili, tatu, nne. Ulikuwa mchezo wao, waliupata wenyewe. Wakaniita, "Bibi mwalimu, njoo na wewe ubonyeze!" Nikaenda. Nikabonyeza. Nikahesabu nao kwa sauti yangu ya darasani, tukavuka kumi, nikasema miguu ya dada imekuwa ugali. Dada ndiye aliyecheka kuliko wote. Jamani, kidole changu hiki. Maji yamejaa mwilini mwa mtu kwa sababu figo hazitoi, mimi nayashika kwa mkono, nacheka.

Kabla ya Pasaka alianza kutapika. Chakula hakitaki, anasikia chuma mdomoni, ngozi inawasha, akitembea toka jikoni mpaka zizini pumzi inakata. Wakadhani malaria, wakamtibu malaria. Nilipofika nikamkuta amekaa kwa kuegemea ukuta kwa sababu akilala anakabwa. Tukampakia kwenye gari la jirani mpaka hospitali Musoma.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alipima presha, akarudia mkono mwingine, akachukua damu, akampeleka kwenye picha ya tumbo. Aliporudi alikaa kwenye kiti, hakusimama, na hapo nikajua. Akasema figo zote mbili zimesinyaa, zimechakaa kwa muda mrefu, atahitaji mashine ya kusafisha damu. Akamuuliza dada kama anatumia dawa za maumivu.

Dada, hana hata pumzi, akajitutumua. Akajibu kwa maringo kabisa, "Nina mdogo wangu huyu, ni mwalimu. Ananileteaga. Hajawahi kuniacha nikakosa hata siku moja."

Daktari akanitazama. Hakunigombeza. Bora angenigombeza, tena mbele za watu. Akaeleza polepole kwamba presha iliyoachwa bila dawa inaziua figo kimyakimya, na vidonge vile vilikuwa vinasaidia kazi hiyohiyo. Akasema mapema mwili haulii, ndiyo maana watu wanachelewa. Nikamuuliza ingejulikanaje. "Kupima presha," akasema, "na kikopo cha mkojo, na damu kidogo." Kikopo cha mkojo! Nimewapeleka watoto wa shule kupimwa kichocho na vikopo mkononi mara ngapi mimi?

Dada akahamia kwa binti yangu, mtaa wa Nyasho pale Musoma, ili awe karibu na mashine. Maji akawa anapimiwa kwa kikombe, dagaa za chumvi alizozipenda zikakatazwa. Baada ya wiki kadhaa uvimbe ukaisha wote, na siku moja nilipoingia nikamkuta uso wa marehemu mama yetu, mifupa ya mashavu imetoka, shingo nyembamba. Kumbe huo ndio uliokuwa uso wake miaka yote, sisi tulikuwa tunasifia maji.

Akina mama wa jumuiya wakaja kumwona, wakaanza kushika vifua. "Maskini, umekonda!" Dada akawakazia macho. "Nilipokuwa naumwa mlinisifu. Sasa hivi nina nafuu mnanililia. Hebu nyoosheni miguu." Akawabonyeza wote, mmoja mmoja, yeye mgonjwa. Mmoja shimo lilibaki. Dada akamwambia kesho yake asubuhi aende akapime, na asipokwenda atamfuata kwa bodaboda. Alikwenda, akakutwa na presha, akaanzishiwa dawa, na mpaka leo anameza na analima.

Mara nyingi nilitaka kumwambia dada ukweli. Siku moja nikaanza. "Dada, vile vidonge nilivyokuwa nakuletea..." Akanikatiza kama zamani. "Nyamaza wewe. Viliniwezesha kulima." Nikanyamaza kweli, na aibu ni kwamba nilifurahi kukatizwa. Kwa sababu kilichokuwa kinanichoma hakikuwa vidonge tu. Mtu asiyejua husamehewa. Mimi niliambiwa. Niliambiwa na binti wa dukani waziwazi, figo, presha, kila kitu, nikamfokea. Hilo dada hakulijua, na kila nilipokaa kando ya kitanda chake nilikuwa nasema leo, halafu tunaongea habari za ng'ombe.

Vile viatu vikubwa sasa vilikuwa vinampwaya. Siku moja tunatoka kwenye mashine, kimoja kikamvuka barabarani, akasimama na soksi, akanishika bega anacheka. "Mwalimu, chora tena. Haya sasa ni mabasi ya kwenda Mwanza." Tulipofika Nyasho nikachana karatasi, nikapiga magoti sakafuni. Mguu ulikuwa mwepesi mkononi mwangu, naisikia mishipa. Nilipoanza kuzungusha kalamu akaniambia kutoka juu, "Safari hii usikosee tena."

Nikainua macho. Alikuwa anaangalia dirishani. Sijui alikuwa anasema viatu. Pale ndipo ningesema, kichwa changu kilikuwa magotini kwake, hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Nikasema, "Jumamosi nitakwenda sokoni."

Alifariki Alhamisi, akiwa anajiandaa kwenda kwenye mashine. Moyo ulisimama tu, binti yangu akiwa anamtafutia kitenge.

Tulipotoka kumzika nilipita lile duka la dawa Bunda. Nilitaka kumwambia yule binti kwamba alikuwa sahihi, na kwamba naomba radhi. Nilisimama kwenye foleni kama watu wengine. Aliponiona akasahau ukali wangu wote, akatabasamu. "Shikamoo mwalimu, umepotea! Yule mgonjwa wako wa magoti anaendeleaje?" Kumbe siku zote alikuwa anamkumbuka, na hata jina lake halijui. Nikamwambia kila kitu, pale pale mbele za watu, maneno niliyopaswa kumwambia mwingine. Alitoka nyuma ya kaunta akanikalisha kwenye benchi, akanifunga mkanda wa presha mkononi. Iko juu. Sasa nameza kila siku, na nikiambiwa iko vizuri nameza.

Ile karatasi ya tatu sijaipeleka sokoni. Nimeilinganisha na ya kwanza, nimezishika zote mbili dirishani kwenye mwanga. Ya tatu imezunguka kila kidole, imefuata mpaka kile kidole gumba kilichochepuka. Aliniambia nisikosee, na hiyo sikukosea hata kidogo.